DAMU ISIPOFIKA MIGUUNI

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Ifakara. Tumeyachapa ili wale ambao hawakufika wapate kuyasoma, na wakiweza wawasomee wengine nyumbani.)

 

Nashukuru mmekuja. Najua kila mmoja ameacha kazi. Wengine wameacha mpunga, wengine wameacha nyavu, na kina mama wameacha moto jikoni. Kwa hiyo sitawachelewesha kwa maneno ya mapambo. Leo nataka tuzungumze juu ya miguu.

Nawaona wengine mnacheka. Mnasema, miguu nayo ni somo? Ndiyo, ni somo. Bonde hili la Kilombero linalimwa kwa miguu. Mtu anatembea mpaka shambani, anasimama kwenye maji siku nzima, jioni anarudi na mzigo. Hata baiskeli inaendeshwa kwa miguu. Mkulima asiye na mguu atakula nini?

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka ule nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa sijazaliwa, nimesimuliwa tu. Watu wapata milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha wakachukua majembe, wakaenda kuchimba vyoo. Hawakumngoja daktari aje kuwachimbia. Sasa na sisi tufanye hivyo hivyo. Tusome, tujadiliane, halafu tutende.

MZEE ALIYEKUWA NA VITUO

Nitaanza na habari ya nyumbani kwetu. Nina baba yangu mdogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenituma niseme habari hii, akaniambia, "Wasimulie, wasije wakafanya kama mimi."

Baba mdogo alikuwa mkulima hodari wa mpunga. Tangu ujana wake alivuta sigara. Alipofika miaka hamsini na kitu alianza kuwa na vituo njiani. Akitoka nyumbani kwenda shamba, akifika kwenye mwembe husimama. Kigimbi cha mguu wa kulia kinamkaza na kumuuma. Akisimama kidogo, maumivu yanakwisha. Anaendelea. Akifika kwenye kidaraja, maumivu yale yale. Anasimama tena. Sisi watoto tulimcheka. Watu wazima walisema ni uvivu, au ni uzee.

Baadaye vituo vikaongezeka. Usiku mguu ukawa unamuuma akilala. Akiushusha chini ya kitanda unapoa. Tena mguu ulikuwa wa baridi, hata wakati wa joto letu hili la Ifakara. Akawa anauweka karibu na moto. Usiku mmoja moto ukamuunguza kidole, wala hakusikia vizuri, maana mguu ulikuwa na ganzi.

Ulikuwa wakati wa kilimo. Mnajua wenyewe, wakati ule tunahama na kukaa kwenye madungu, mbali na zahanati. Kidole kikawa kidonda. Jirani mmoja akasema, "Huyu amekanyaga dawa aliyotegewa." Akaitwa mganga wa kienyeji. Mguu ukachanjwa chale, ukafungwa majani. Wiki zikapita. Kidole kikawa cheusi, halafu cha pili. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeshakufa. Ukakatwa chini ya goti.

Baba mdogo hakutegewa na mtu. Damu ilikuwa haifiki mguuni. Mguu ulisema miaka mitatu, wala hapakuwa na mtu aliyejua lugha yake. Leo tujifunze lugha hiyo.

DAMU INAVYOKWENDA NA KURUDI

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 hivi, kama dumu dogo la mafuta ya kula. Moyo unaisukuma damu hiyo usiku na mchana. Zamani hata madaktari hawakujua kwamba damu inazunguka. Ni mwaka 1628 daktari mmoja Mwingereza, William Harvey, alipotoa kitabu akaeleza kwamba damu inatoka moyoni, inakwenda mwilini, kisha inarudi kule kule moyoni.

Iko mishipa ya namna mbili. Ya kwanza inapeleka damu kutoka moyoni. Wataalamu huiita ateri. Ya pili inairudisha. Hiyo huitwa vena.

Mishipa inayopeleka ni kama mfereji wa kumwagilia shamba. Mfereji ukijaa tope, jaruba la mwisho halipati maji. Mpunga wa jaruba la mwisho ndio unaonyauka kwanza. Katika mwili, jaruba la mwisho ni vidole vya miguu. Tope la mishipa ni mafuta yanayoganda kidogo kidogo kwenye kuta zake za ndani, mwaka hata mwaka, mpaka njia inakuwa nyembamba.

Mishipa inayorudisha ina kazi nyingine ngumu. Inapandisha damu kutoka chini kwenda juu. Inawezaje? Ndani yake mna vilango vidogo. Wavuvi mtanielewa upesi. Mnaujua mgono. Samaki anaingia, lakini kutoka hawezi. Vilango vya vena ni hivyo hivyo. Damu inapita kwenda juu, wala hairudi chini. Na kila tunapotembea, kigimbi kinakamua mishipa hiyo na kuisaidia. Vilango vikilegea, damu inarudi chini na kutuama miguuni.

Basi yako matatizo mawili. La kwanza, damu haifiki. La pili, damu inafika lakini hairudi vizuri. Tusiyachanganye, maana msaada wa hili unaweza kuwa madhara kwa lile.

DALILI ZA DAMU KUTOFIKA

1. Kigimbi, paja au tako linauma ukitembea. Ukisimama dakika chache maumivu yanakwisha. Ukitembea tena yanarudi, karibu kwa umbali ule ule.
2. Mguu mmoja ni wa baridi kuliko mwenzake.
3. Ngozi ya mguu inakuwa nyembamba na inang'aa. Malaika yanapukutika. Kucha zinakua polepole.
4. Kidonda cha kidoleni, kisiginoni au pembeni mwa unyayo hakiponi.
5. Mguu unauma usiku ukilala, unapata nafuu ukiuning'iniza.
6. Kidole kinageuka rangi na kuwa cheusi. Hapo mambo yameharibika. Ndiyo mwanzo wa donda ndugu.

Unaweza kujipima mwenyewe. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, halafu achia. Rangi irudi upesi, isizidi sekunde 3. Kisha tafuta mapigo ya damu. Weka vidole viwili juu ya mguu, kwenye mstari unaotoka kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Usibonyeze sana. Utasikia du, du, du. Usipoyasikia hapo, jaribu nyuma ya kifundo cha ndani. Wako watu wazima wa afya ambao hapo juu hapasikiki. Lakini usipoyasikia mahali pote pawili, au mguu mmoja unapiga na mwingine haupigi, nenda ukapimwe.

Kwenye hospitali, mganga anaweza kupima presha ya mkono na presha ya kifundo cha mguu, akazilinganisha. Presha ya mguuni ikiwa chini sana kuliko ya mkononi, njia imeziba.

NANI YUMO HATARINI?

Wa kwanza ni mvuta tumbaku. Moshi wa tumbaku unaharibu kuta za mishipa na kuifanya ijikaze. Sigara ya dukani, sigara ya kusokota, kiko, zote ni moto mmoja.

Wa pili ni mwenye ugonjwa wa kisukari. Huyu ana hatari mbili kwa pamoja. Sukari nyingi inaharibu mishipa ya damu, na tena inaua mishipa ya fahamu. Damu haifiki, na maumivu hayasikiki. Mtu anakanyaga mwiba asubuhi, anauona jioni.

Niwape mfano wa kweli. Mwaka 2005 Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la madaktari habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Watu wale walikuwa wamelala. Panya alitafuna mguu, mwenyewe asiamke. Sasa fikirini nyumba zetu baada ya mavuno. Magunia ya mpunga tunalala nayo ndani, na mpunga unaita panya. Mwenye kisukari asilale chini. Alale kitandani, achomeke chandarua vizuri chini ya godoro, na mpunga uwekwe mbali na anapolala.

Wa tatu ni mwenye presha ya juu. Wa nne ni mwenye mafuta mengi katika damu. Wa tano ni mtu aliyevuka miaka 50, hasa akiwa na mojawapo ya hayo niliyotaja.

DALILI ZA DAMU KUTORUDI

Hapa miguu ni mizito jioni, inavimba kwenye vifundo, asubuhi imepungua. Mishipa inajitokeza, minene, imejipinda kama mizizi ya mti. Ngozi juu ya kifundo inawasha na kuwa nyeusi kuliko kawaida. Baadaye kidonda kinatokea juu ya kifundo, mara nyingi upande wa ndani.

Tatizo hili huwapata sana watu wanaosimama muda mrefu, na kina mama waliozaa mara nyingi. Msaada wake ni huu. Lala, uiweke miguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, iwe juu kuliko moyo, nusu saa, mara tatu au nne kwa siku. Ukiwa umesimama kazini, usisimame kama nguzo. Tembea, inua visigino, shusha, inua tena. Bandeji ya kubana inasaidia sana. Lakini usijifunge mwenyewe kabla hujapimwa. Kama mguu wako ni ule usiofikiwa na damu, bandeji itaumalizia hata ile damu kidogo iliyobaki.

SI KILA MGUU ULIOVIMBA NI DAMU

Hapa bondeni tuna maradhi mengine ya miguu. Yako matende, yanayoletwa na mbu. Uko ukoma, ambao huanza na baka lisilosikia na hufanya miguu kufa ganzi. Ukoma unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Iko sikoseli, ambayo nayo huleta vidonda karibu na kifundo. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na uso, au mtu akikosa pumzi, huenda ni moyo au figo. Na mama mjamzito akivimba, huku kichwa kinamuuma na macho yanaona giza, asingoje kesho. Hicho chaweza kuwa kifafa cha mimba.

Ndiyo maana nasema mguu upelekwe ukapimwe. Jina la ugonjwa tusilitunge barazani.

MAMBO YA KUKIMBIZA HOSPITALI SIKU HIYO HIYO

Moja, mguu umeuma ghafla, umekuwa baridi, umepauka, umekufa ganzi au haujongei. Damu imekatika. Hapo tunahesabu saa, hatuhesabu siku. Zikipita saa 6 hivi, nyama zinaanza kufa.

Mbili, mguu mmoja umevimba ghafla, una joto na unauma, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, au mtu aliyelala kitandani siku nyingi, au aliyefanyiwa upasuaji. Huenda damu imeganda ndani ya vena. Usiusugue wala kuukanda. Donge lile likitoka likaenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa.

Tatu, kidole kimekuwa cheusi, au kidonda kinanuka, au wekundu na uvimbe vinapanda juu na mtu ana homa.

Hapa Ifakara tunayo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Walio mbali waanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wapewe barua na usafiri upangwe. Wakati wa masika njia ni mbaya, nakubali. Kwa hiyo kila mtaa na kila kundi la madungu wajue mapema nani ana pikipiki na nani ana fedha ya dharura ya kukopesha.

KAZI YETU YA KILA SIKU

Kwanza, acha tumbaku. Wavutaji mtanuna, lakini nitasema kweli. Hakuna dawa itakayousaidia mguu wako ikiwa bado unauvutia moshi.

Pili, tembea. Mtu mwenye maumivu ya kigimbi hudhani apumzike tu nyumbani. Sivyo. Akishapimwa, na kama hana kidonda, atembee mpaka maumivu yamkaze, asimame mpaka yaishe, atembee tena. Afanye hivyo nusu saa, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Mwili huzoea na kutumia njia ndogo za pembeni, kama maji yanavyotafuta pa kupita mfereji mkubwa ukiziba.

Tatu, kagua miguu kila jioni. Osha kwa maji ya uvuguvugu. Mwenye ganzi asijaribu maji kwa mguu, ayajaribu kwa kiwiko, au mtoto amjaribie. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini ya mguu, lakini siyo katikati ya vidole. Tazama nyayo. Kama huwezi kuinama, weka kioo chini, au mwombe mwenzako. Mume na amtazamie mkewe, na mke amtazamie mumewe. Si aibu.

Nne, usitembee pekupeku. Katambuga ni bora kuliko pekupeku, na kiatu kilichofunika vidole ni bora zaidi. Kabla ya kuvaa gambuti, ligeuze, likung'ute, tia mkono ndani. Huenda mna jiwe au mwiba. Ukitoka kwenye jaruba, vua, osha na kausha miguu. Usishinde nayo ikiwa imelowa.

Tano, kata kucha kwa kufuata mstari wa kidole, usichimbe pembeni. Sugu usiikate kwa wembe.

Sita, usiweke mguu wa baridi karibu na moto, wala usiufunge chupa ya maji ya moto. Vaa soksi. Usichanje chale. Usimwage mafuta ya taa wala maji ya betri kwenye kidonda. Kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kifunike kwa kitambaa safi, nenda zahanati.

Saba, pima presha na sukari. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, mara kwa mara, ni ya juu. Sukari kabla ya kula ikifika 7 au zaidi, mganga atataka kuipima tena, maana huenda ni kisukari. Ukipewa dawa, zimeze kama ulivyoambiwa. Usiziache kwa sababu umepata nafuu, wala usiazime za jirani.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, simdharau mganga wa kienyeji, wala sitaki ugomvi na mila. Lakini kidonda cha mguuni kisichopona kwa wiki mbili kisikae nyumbani. Na mtu akisema, "Ametegewa," mwulizeni: je, mapigo ya mguu wake mmeyatafuta? Sukari yake imepimwa?

Baba mdogo sasa anatembea kwa magongo. Sigara ameacha. Mguu wa kushoto anao, na kila jioni mjukuu wake wa darasa la tano anauosha na kuukagua. Wageni wakija kumsalimu, wakishaitikiwa, huambiwa, "Haya, vua viatu nione." Watu hucheka, lakini huvua. Jirani yetu mmoja alionekana hivyo hivyo na kidonda ambacho hakukijua. Akapelekwa kupimwa, akakutwa na kisukari. Leo bado analima, na miguu yake yote miwili anayo.

Leo jioni, kabla hujalala, chukua taa uitazame miguu yako. Kisha itazame ya mwenzako.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, yupo mtu mtaani kwetu mwenye "vituo" njiani? Tumwambie nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya mguu usiofikiwa na damu na mguu ambao damu haipandi?
3. Kwa nini mwenye ganzi asiote moto miguuni?
4. Wakati wa kukaa madunguni, mgonjwa wa ghafla tutamfikishaje hospitali? Andikeni majina ya wenye vyombo vya usafiri.
5. Kila mmoja atafute mapigo ya miguu yake sasa hivi. Nani hakuyapata? Ataenda kupimwa siku gani?